Usawiri wa Mhusika Asiyesema: Mpeleka Barua katika Filamu ya Hintertreppe (1921)

Mtahiniwa aliyezoea Karatasi ya Tatu hujua la kufanya anapopewa dondoo. Atamtaja msemaji na msemewa, ataeleza mahali na sababu, atajikusanyia alama zake nne, kisha ataendelea na sifa: msemaji huyu ni katili, ni mnafiki, ana tamaa. Kila sifa ataithibitisha kwa maneno ambayo mhusika aliyatamka au yaliyosemwa na wenzake kumhusu. Sina ugomvi na utaratibu huu. Sisi walimu ndio tuliowafunza. Lakini je, mhusika asiyetamka neno tutamhakiki vipi? Na ikiwa twaweza kumhakiki huyo bila dondoo lolote, hatupati hapo funzo kuhusu wahusika wa tamthilia zetu, ambao wingi wa maneno yao hutufanya tusahau kuitazama mikono yao?

Kazi nitakayoirejelea ni filamu bubu ya Kijerumani iitwayo Hintertreppe, yaani "Ngazi ya Nyuma", iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mnamo Desemba 1921. Si filamu inayofahamika sana. Wanaosimulia historia ya sinema ya Ujerumani aghalabu huanza na Das Cabinet des Dr. Caligari ya mwaka wa 1920, wakaruka hadi Nosferatu (1922) na Metropolis (1927), na hiki kisa cha watu wa jikoni wakakipitia kwa sentensi moja. Hali hii inashangaza kwa sababu mwandishi wake, Carl Mayer, ndiye aliyeshirikiana na Hans Janowitz kuandika hiyo Caligari inayosifiwa. Waelekezi ni wawili: Leopold Jessner, aliyekuwa msimamizi wa jumba la maonyesho la serikali mjini Berlin tangu mwaka wa 1919, na Paul Leni, mchoraji na mbunifu wa mandhari. Wahusika wanaobeba kisa ni watatu tu. Henny Porten anaigiza mtumishi wa nyumbani, Wilhelm Dieterle ni mpenzi wake, na Fritz Kortner ni mpeleka barua. Hawana majina. Tunawatambua kwa kazi zao na kwa miili yao.

Hapa sharti nifafanue jambo moja, maana neno "bubu" huwapotosha wengi. Filamu bubu za kawaida hazikukosa maneno. Kila baada ya muda mfupi skrini iligeuka nyeusi, maandishi yakatokea, mtazamaji akasoma alichosema mhusika au alichotaka mwelekezi kifahamike. Mayer aliyachukia maandishi hayo. Mwaka huo huo wa 1921 alikuwa ameandika Scherben, filamu iliyoelekezwa na Lupu Pick, ambamo mfanyakazi wa reli anayemuua mkubwa wake anasimamisha gari moshi na kukiri kwamba yeye ni muuaji. Ungamo hilo ndilo kauli pekee iliyoandikwa katika filamu nzima. Hintertreppe inafuata njia iyo hiyo. Maandishi yake ni machache mno. Wajerumani waliuita mtindo huu kwa jina la tamthilia za kumbi ndogo, Kammerspiel: wahusika wachache, mahali pamoja, muda mfupi, na kila kitu kidogo kikipewa uzito. Kwa hivyo, ukimya wa filamu hii ni mbinu iliyochaguliwa kwa makusudi. Usiuhesabu kuwa upungufu wa mitambo ya wakati huo.

KISA

Saa ya kengele inalia, mtumishi anaamka katika chumba chake kidogo na kuanza kazi. Jioni anapomaliza huteremka uani kukutana na mpenzi wake. Ng'ambo ya ua huo, katika chumba kilicho chini kabisa, anaishi mpeleka barua, mwanamume anayechechemea na ambaye humtazama mtumishi bila kuthubutu kumwambia lolote. Mpenzi anaondoka. Siku zinapita. Kila mpeleka barua anapopanda ngazi, mtumishi humkimbilia, na kila mara hakuna barua yake. Hatimaye barua inafika na mtumishi anajawa na furaha isiyo kifani. Katika furaha hiyo anateremka hadi chumbani mwa mpeleka barua kumshukuru, na hapo anagundua kwamba aliyeiandika ni yeye. Badala ya kumkimbia, anamwonea huruma. Baadaye meza inaandaliwa kwa watu wawili. Ni wakati huo ndipo mpenzi anaporejea, na inabainika kwamba alikuwa akiandika siku zote. Barua zake zilizuiliwa njiani. Wanaume wawili wanapigana, mpeleka barua anamuua mwenzake kwa shoka. Wapangaji wanakusanyika. Waajiri wa mtumishi wanamfukuza. Mtumishi anapanda ngazi hadi juu ya paa na kujitupa.

Filamu nzima haifiki saa moja katika nakala zilizosalia. Mwalimu anaweza kuionyesha katika vipindi viwili na bado akabakiwa na muda wa mjadala.

JE, NI MHUSIKA MWOVU?

Nilipoionyesha kwa wanafunzi wa kidato cha tatu, orodha ilikuwa tayari kabla ya taa kuwashwa. Mpeleka barua: mwizi, mwongo, mwenye wivu, muuaji. Mtumishi: mwenye bidii, mwaminifu, mwenye huruma. Ni majibu ambayo yangepata alama. Ila yana kasoro moja: hayaelezi kwa nini wengi wao walikuwa wamemhurumia mwovu huyo kwa nusu ya filamu, wala kwa nini chumba kizima kilinyamaza alipokuwa akiandaa meza.

Tuanze na kosa lake, maana sitaki kulipunguza. Kuzuia barua ya mtu ni hatia kubwa, na kwa mtumishi wa posta ni hatia maradufu. Katiba ya Ujerumani ya mwaka wa 1919, katika kifungu cha 117, ilitamka wazi kwamba siri ya barua haivunjwi. Katika zama ambazo simu ilikuwa ya matajiri, msichana wa jikoni hakuwa na njia nyingine ya kujua iwapo mpenzi wake yu hai. Barua ndiyo iliyokuwa uzi wa pekee kati yao, na mpeleka barua ndiye aliyeushika katikati. Hana mali wala nguvu wala umbo la kuvutia. Ana mfuko wa barua tu. Uwezo wote alio nao duniani umo katika kuamua kama atautia mkono ndani ya mfuko huo au la. Mtahiniwa anayeandika kwamba "mpeleka barua anawakilisha matumizi mabaya ya mamlaka" hajakosea, mradi tu aongeze kwamba haya ni mamlaka ya mnyonge juu ya mnyonge mwenzake.

Sasa tazama ile barua bandia. Mtu mwovu wa kawaida angeridhika na ushindi wake: mpinzani amenyamazishwa, msichana amebaki peke yake, lililosalia ni kusubiri. Huyu hawezi kuvumilia kuona anachokifanya. Anaona uso wa mtumishi ukinyauka ngazini siku baada ya siku, naye ndiye aliyeunyausha, basi anaketi na kumwandikia barua ya mapenzi kwa jina la mwanamume anayemwonea wivu. Hebu lifikirie tendo hilo kwa utulivu. Anampa mpinzani wake maneno yake mwenyewe. Anayoyaandika huenda ndiyo maneno pekee ya kweli aliyowahi kuyatoa moyoni, lakini yatapokelewa kama ya mwingine, na kadiri yatakavyopendeza ndivyo msichana atakavyozidi kumpenda huyo mwingine. Barua halisi zimefichwa. Barua ya uongo imebeba pendo la kweli. Tunapofundisha kinaya huwa tunatoa mifano ya juu juu, mathalani mhusika aitwaye Sururu ilhali ni mvivu. Mfano huu ni wa ndani zaidi, kwa sababu kinaya kimo katika kitendo chenyewe na kinamchoma anayekitenda.

Hapo ndipo orodha ya sifa inapovunjika. Tendo moja limebeba udanganyifu na upendo, ubinafsi na kujitolea, na huwezi kuviweka katika mistari miwili tofauti ya jedwali. Siegfried Kracauer, katika kitabu chake maarufu cha mwaka wa 1947 kuhusu sinema ya Ujerumani, anaiweka Hintertreppe pamoja na filamu nyingine za Mayer katika kundi la kazi zinazohusu watu wanaosukumwa na silika. Ni rai inayoheshimiwa, na kuhusu lile shoka siipingi. Lakini kuhusu barua siafikiani naye. Silika haiketi mezani ikatafuta kalamu. Kughushi barua kunahitaji subira, kufikiri namna mwingine angeandika, na kuchagua maneno. Huyu ni mtu anayejua anachokitenda, anayeona matokeo yake, na ambaye anajaribu kulirekebisha kosa kwa kosa jingine kwa kuwa njia ya tatu, ile ya kukiri, ingempokonya hata zile dakika chache za kuonana na msichana mlangoni. Tukimwita kiumbe wa silika tunampunguzia hatia na utu kwa pamoja.

Itazame filamu mara ya pili ukiwa umeshajua siri. Zile ziara za ngazini, ambazo mwanzoni zilikuwa taharuki ya kawaida (leo ataleta, leo hataleta), zinageuka kuwa kitu kingine kabisa. Sasa humtazami msichana tena. Unamtazama mwanamume aliyesimama mbele ya mateso aliyoyasababisha mwenyewe, huku akipokea shukrani kwa kuja.

HURUMA YA MTUMISHI

Na msichana je? Sifa ya "mwenye huruma" aliyopewa na wanafunzi wangu ni sahihi, ila wameiweka katika safu ya mema kana kwamba kazi imekwisha. Katika filamu hii huruma ndiyo inayofungua mlango wa maafa. Anateremka kwa shukrani, anagundua uongo, anabaki kwa huruma. Kutoka huruma hadi meza ya watu wawili hatujui ni hatua ngapi. Je, amempenda? Amekata tamaa tu? Anaona haya kumwacha mtu aliyejidhalilisha kiasi hicho? Porten haelezi, na hapa ukosefu wa maandishi ni faida tupu. Mwandishi wa tamthilia angelazimika kumpa mstari wa kusema, na mstari wowote ule ungetuamulia jambo ambalo yeye mwenyewe pengine hajaliamua.

Porten alikuwa nyota mpendwa wa Wajerumani tangu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, na kuna wakati unyota huo unaonekana: ni vigumu kusahau kwamba huyu anayesugua vyombo ni bibi mkubwa wa sinema. Hata hivyo anapofanya kazi za nyumbani ananiridhisha kuliko anapolia. Sehemu za mwanzo, tangu kengele ya asubuhi hadi jioni, zinatuonyesha siku ya mtumishi bila kuifupisha sana, na ndizo sehemu zitakazokaa kwa mtazamaji. Kortner naye analemea. Mgongo umepinda kupita kiasi, macho yanatolewa, hatua moja inachukua muda wa tatu. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, akizoea watazamaji walio mbali; kamera iko karibu nawe haisamehi. Walimu wanaowaandaa wanafunzi kwa tamasha za drama wataelewa ninalolisema.

NGAZI

Kichwa cha filamu kinastahili swali lake lenyewe, maana ngazi hapa ni mandhari na ni ishara kwa wakati mmoja. Majumba ya kupangisha ya Berlin yalijengwa kwa kubanana tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Upande wa mbele, unaotazama barabara, walikaa wenye uwezo. Nyuma, kuzunguka ua uliofungwa na kuta ndefu, walirundikana wafanyakazi. Kanuni ya ujenzi ya mwaka wa 1853 ilitaka ua uwe na mita 5.34 kila upande, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi iliyohitajika kugeuzia gari la kuzimia moto. Jua halikufikiriwa. Na nyumba za wenye nafasi zilikuwa na ngazi mbili: ya mbele, ambayo mara nyingine iliwekwa kibao kusema ni ya mabwana peke yao, na ya nyuma, iliyoingilia jikoni, ya watumishi na wachuuzi.

Kwa hiyo mtumishi na mpeleka barua wanakutana pale wanapokutana kwa kuwa jengo limewapangia wakutane hapo. Sheria za kale zilizowafunga watumishi kwa mabwana wao zilikuwa zimefutwa mnamo Novemba 1918, mara tu baada ya mapinduzi. Miaka mitatu baadaye filamu inatuonyesha msichana ambaye kisheria ni mfanyakazi huru, lakini bado hupitia nyuma na hufukuzwa kwa ishara ya mkono. Mtahiniwa akiulizwa maudhui ya utabaka katika kazi hii, asihangaike kutafuta hotuba. Aonyeshe nani anapita wapi.

Jessner alijulikana mno kwa ngazi. Alipoongoza Wilhelm Tell ya Schiller mwaka wa 1919 na Richard III ya Shakespeare mwaka wa 1920, alijaza jukwaa ngazi kubwa ili cheo cha mhusika kionekane kwa kimo alichosimama, na Kortner huyu huyu ndiye aliyeigiza Richard. Katika Hintertreppe mbinu hiyo imetoka kwa wafalme ikaja jikoni. Mpeleka barua anakaa chini kabisa na kupanda kila siku kwa mguu unaomsumbua. Msichana anakaa juu na kuteremka mara anapofurahi. Leni ameyajenga mazingira yenyewe kwa kuta nzito zinazoelekea kumwangukia mtu, bila kufikia ule upotoshaji wa Caligari ambamo hata madirisha yamekwenda upande. Nadhani kipimo hicho ni sahihi. Nyumba inabaki nyumba ambayo mtu angeweza kuipanga.

LA KUJIFUNZA DARASANI

Mwalimu mwenzangu, hatuwezi kutahini filamu ya Kijerumani, na sipendekezi tufanye hivyo. Ninachopendekeza ni kwamba tuyasome upya maelekezo ya jukwaani katika tamthilia zetu teule, yale maandishi ya mlazo yaliyo kati ya mabano ambayo wanafunzi huyaruka wakikimbilia mazungumzo. Iwe ni Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia waliyoisoma wa miaka ile, au Bembea ya Maisha ya Timothy Arege waliyoisoma waliokuja baadaye, wahusika huinuka, hugeuka, hunyamaza, huacha chakula bila kukigusa. Mpe mwanafunzi onyesho moja, mfunikie mazungumzo yote kwa karatasi, umwachie maelekezo peke yake. Aseme nani anaogopa na nani anaficha jambo. Kisha mfunulie maneno, aone ni wapi kinywa kinakubaliana na mwili na ni wapi vinapingana. Pale vinapopingana ndipo penye mhusika.

Zoezi hili hugharimu kipindi kimoja. Wapo watakaolalamika kwamba linapoteza wakati wa kukamilisha silabasi, na ninaelewa shinikizo walilo nalo. Lakini mtahiniwa aliyelizoea hatakwama atakapopewa dondoo lenye msemaji mwongo.

Nimalizie kwa dosari kubwa ya filamu, nayo ni tamati. Hadi meza ya watu wawili, kila tendo limezaliwa na tendo lililotangulia. Kisha mpenzi anarejea, shoka linatokea, na katika dakika chache watu wawili wamekufa na wa tatu ameangamia. Kurejea kwa mpenzi saa ile ile ni sadfa, na sadfa si dhambi katika utanzia. Tatizo langu liko kwa mtumishi. Mtu tuliyemtazama akiamka, akifua, akingoja, akisamehe, anapokonywa nafasi ya kufikiri pale tunapoihitaji zaidi. Anafukuzwa, anapanda, anajitupa. Waajiri wanaomwonyesha njia wamepewa muda mfupi mno, kana kwamba Mayer aliogopa kwamba tukiwatazama sana tutaacha kuamini ajali ya majaliwa na kuanza kuuliza nani alaumiwe. Na ni swali ambalo ngazi zote zile zilikuwa zimeliandaa.

Ndiyo maana nikilitunga swali la tamati, nitasahihisha hivi. Atakayeandika kwamba mtumishi alijiua kwa sababu ya mapenzi nitampa alama moja. Atakayewaona waajiri waliosimama pale juu ngazini nitampa mbili. Atakayeniambia kwamba filamu yenyewe haijatueleza vya kutosha, na akanionyesha ni wapi ilipoanza kuharakisha, huyo nitampa zote nne.